UZI: Kidevu cha binti yangu kilikwenda kulia, na sote tukawa tunalitibu shavu la kushoto

MwalimuKibosho (Moshi), mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma humu bila kuandika, lakini ndani ya mwezi huu nimeona nyuzi tatu za watu wanaotafuta daktari wa kuwanyoosha uso, na katika majibu yote, kuanzia ya kwenda Nairobi hadi ya kudungwa sindano za kujaza shavu, sikuona hata mtu mmoja aliyeuliza uso huo ulianza kupinda lini na ni kitu gani kiliupinda. Sisi tulipoteza miaka mingi kwa kukosa kuulizwa swali hilo, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kwa urefu.

Binti yangu alianguka akiwa na umri wa miaka minne, alipokuwa akiruka mfereji unaopita kando ya kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, na kidevu chake kikagonga jiwe. Katika zahanati tuliyokimbilia alishonwa vizuri kabisa, akachomwa sindano ya pepopunda, nasi tukarudi nyumbani tukishukuru. Hakuna aliyembonyeza mbele ya masikio. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba taya la chini limejikunja kama upinde, na ncha zake mbili za nyuma zimeingia katika viungo vilivyo mbele tu ya masikio, hivyo pigo la kidevuni husafiri hadi kule nyuma na kuvunja pale ambapo mfupa ni mwembamba. Kwa mtoto mdogo, damu iliyovujia ndani ya kiungo hicho inaweza kugeuka mfupa, na mfupa huo ukalishikamanisha taya na fuvu.

Mambo hayakutokea kwa siku moja. Alipofika darasa la kwanza aliacha kung'ata ndizi mbivu, akawa anaimega kwa vidole na kusukumia vipande mdomoni. Tonge la ugali alilibonyeza likawa bapa kama sarafu. Chakula alichokimaliza bila taabu kilikuwa mtori, na bibi yake akawa anajisifu kwamba mjukuu amerithi mapenzi ya chakula cha nyumbani, kumbe mtoto hakuwa na namna nyingine. Usiku alikoroma kama mzee. Meno ya nyuma yalioza kwa kuwa mswaki haukuweza kufika. Na kidevu, polepole, kilianza kuelekea kulia.

Hapa ndipo palipotupoteza. Shavu lake la kulia lilionekana limejaa na la mviringo, shavu zuri la mtoto, ilhali upande wa kushoto ulikuwa bapa na mrefu. Yeyote aliyemtazama, nami nikiwamo, alisema upande wa kushoto unanyauka. Kwa hiyo shavu la kushoto ndilo lililokandwa kwa mafuta ya moto kila jioni, shavu la kushoto ndilo lililopakwa dawa za majani, na ni upande huo huo ambao mtoa huduma mmoja alitaka kung'oa meno akidai kuwa ndiyo yanayovuta uso. Miaka ikapita hivyo. Mtaalamu wa kwanza aliyeweka vidole vyake viwili mbele ya masikio yote mawili na kumwambia mtoto ajaribu kufungua mdomo alitumia muda usiozidi dakika moja: chini ya kidole cha kushoto kitu kilicheza, chini ya kidole cha kulia kulikuwa kimya. Upande mgonjwa ulikuwa ule uliojaa. Taya la upande huo halikukua, likabaki fupi, nyama zikajikusanya juu yake, na upande mzima uliendelea kukua huku ukivutwa kuufuata ule uliogoma.

Upasuaji ulifanyika akiwa na miaka kumi. Sitataja hospitali. Ulianza na tatizo ambalo sikuwa nimeliwazia hata kidogo: mtoto asiyefungua mdomo analazwaje kwa nusu kaputi? Mpira wa kupumulia kwa kawaida hupitishwa mdomoni huku daktari akilitazama koo. Kwake ulipitishwa puani, ukiongozwa na kamera nyembamba inayojikunja, na daktari mwingine alisimama tayari kumtoboa koo endapo njia hiyo ingeshindikana. Walichana mbele ya sikio la kulia, wakaondoa bonge la mfupa na kuacha nafasi ya zaidi ya sentimita moja, wakakata pia ile ncha ya taya ambayo msuli wa panja hujishikiza, kisha wakageuza kipande cha msuli huo na kukitandika ndani ya nafasi ile ili mifupa isikutane tena. Mdomo uliokuwa ukifunguka milimita 4 ulifunguka milimita 36 akiwa bado mezani.

Tulielezwa pia juu ya kupandikiza kipande cha ubavu pamoja na gegedu lake, yaani ile sehemu laini ya mwisho wa mfupa, badala ya kiungo kilichoondolewa. Faida yake ni kwamba gegedu hilo linaweza kukua pamoja na mtoto, na hatari yake ni hiyo hiyo, kwa maana ukuaji wenyewe hautabiriki: linaweza kukua pungufu, au likakua kupita kiasi hadi kidevu kikahamia upande wa pili. Hatukulichagua kwa sasa.

Na uso haukunyooka. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu ndugu walikuja hospitalini na vitenge na matunda wakitarajia kumwona mtoto mwenye sura mpya, na shangazi yake aliyetoka Dar es Salaam aliniuliza kwa sauti ya chini kama madaktari walikuwa wamemaliza kazi. Walikuwa wamemaliza kazi ya kwanza, ambayo ni kufungua mdomo.

MtotoWaNjiro (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Pole kwa yote, na ninashukuru kwa maelezo. Mimi ni mmoja wa hao watatu unaowasema. Nina umri wa miaka 22, sijawahi kuanguka wala kuumwa taya, mdomo unafunguka vizuri, lakini kila ninapojipiga picha kwa simu naona upande wa kushoto wa taya langu umeshuka kuliko wa kulia. Nimeambiwa kuna upasuaji wa kukata taya na kulipanga upya, na kuna sindano za kujaza upande uliopungua. Naomba kujua lipi linafaa, kwa maana nimeanza kuweka akiba.

TabibuMeno (Tengeru)

Mwalimu, umeeleza vizuri kuliko vitabu vyetu vingi. Mimi ni tabibu wa meno, si daktari bingwa wa upasuaji wa taya, kwa hiyo nitasema yale tu ninayoyaona kila wiki kwenye kiti changu.

Mdogo wangu wa Njiro, kabla ya kugusa akiba yako fanya mambo machache yasiyo na gharama. Kwanza, iweke simu mbali. Kamera iliyo umbali wa mkono uliokunjwa hukuza kilicho karibu nayo. Hesabu za watafiti wa Marekani zilionyesha kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa takribani asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Ukigeuza kichwa kidogo tu, taya la upande mmoja litaonekana limeshuka. Isitoshe, uso unaoufahamu ni ule wa kwenye kioo, uliogeuzwa kushoto kuwa kulia, hivyo picha inapokuonyesha jinsi wengine wanavyokuona, tofauti ndogo uliyoizoea upande mmoja huhamia upande wa pili na kukushtua. Hakuna binadamu mwenye nusu mbili za uso zinazolingana kabisa.

Pili, chukua kijiti kirefu na bapa, king'ate kwa meno ya nyuma ya pande zote mbili, kisha mtu akutazame kwa mbele. Kikiwa sambamba na mstari wa macho, meno yako yamekaa sawa na mifupa ya taya haijainama. Kikiwa kimekwenda mshazari, hapo kuna jambo la kuchunguza.

Tatu, na hili ndilo swali la Mwalimu, tafuta picha zako za zamani, ya darasa la saba, ya kidato cha nne, ya kitambulisho, uzipange kwa miaka. Uso uliopinda kidogo tangu utotoni na ukabaki hivyo ni jambo moja. Uso unaoendelea kupinda katika umri wako ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kuna ugonjwa ambao ncha ya taya ya upande mmoja huendelea kukua wakati upande mwingine umekwisha kuacha. Huo ni kinyume cha ule wa binti wa Mwalimu: kidevu hukimbia upande mgonjwa badala ya kuuelekea. Ukimfanyia mtu wa namna hiyo upasuaji wa kupanga taya huku mfupa ungali unakua, utaona amenyooka, na baada ya miaka miwili atakurudia akiwa amepinda tena. Ndiyo maana mabingwa humpima kwanza, wakati mwingine kwa kumdunga dawa yenye mionzi hafifu inayojikusanya mahali mfupa unapofanya kazi kwa bidii, na kuipiga picha.

MwalimuKibosho

Marahaba, mwanangu wa Njiro. Fuata ushauri wa Tabibu kabla ya kuufuata wangu. Ninaongeza tu kwamba daktari wetu alitukataza kabisa kufikiria sindano za kujaza shavu, kwa sababu shavu la binti yangu lililoonekana kupungua lilikuwa ndilo zima, na sindano hizo, hata zikidungwa na mtu mwenye ujuzi, zina hatari ya kuingia katika mshipa wa damu na kuua ngozi, na wakati mwingine hata kupofusha jicho.

DerevaUsaRiver

Nawasalimu wote. Wiki tatu zilizopita niliamka nikakuta mdomo umevutwa upande wa kushoto, jicho la kulia halifungi na chai inamwagika. Nyumbani walisema nimepigwa na upepo mbaya kwa kuwa naendesha nikiwa nimeshusha kioo. Dawa za hospitali nilizianza siku ya pili na hali imeanza kurudi kidogo. Je, nami nitafute upasuaji?

TabibuMeno (Tengeru)

Kaka Dereva, subiri. Hilo halihusu mfupa, linahusu neva inayoamuru misuli ya uso, ambayo huvimba ndani ya njia yake nyembamba ya mfupa nyuma ya sikio. Hata kabla dawa za kisasa hazijazoeleka, watu 7 hivi kati ya 10 walipona kabisa wenyewe, na dawa za kupunguza uvimbe, zikianzwa ndani ya saa 72 kama ulivyofanya, huongeza nafasi hiyo. Jambo kubwa kwako sasa ni jicho: lipakwe dawa, lifungwe usiku, ukiendesha vaa miwani, kwa maana vumbi la barabara linaweza kulijeruhi kuliko ugonjwa wenyewe. Upasuaji hufikiriwa pale neva inaposhindwa kurudi baada ya miezi mingi, mara nyingi mwaka. Kwa wasomaji wengine: mtu ambaye mdomo umekwenda upande lakini bado anaweza kukunja ngozi ya paji la uso pande zote mbili, au mkono wake umelegea, au maneno yanamshinda, huenda ni kiharusi, na huyo hapelekwi kwenye uzi, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

MzeeWaSiha

Ninasoma kwa makini. Niruhusuni kuchomeka neno moja kwa wale wanaosema upasuaji wa sura ni anasa ya Wazungu iliyotufikia jana. Mwaka 1956, kwenye miteremko ya mlima huu huu wa Kilimanjaro tunaouona kila asubuhi mawingu yakikubali, walikaa madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wakabuni huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, ambayo mwaka uliofuata ilianzishwa rasmi na leo tunaifahamu kama AMREF. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe alikuwa amewatengeneza nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, na kabla yake jamaa yake wa ukoo, Harold Gillies, alifanya hivyo kwa askari wa vita ya kwanza. Fani hii haikuanza na warembo.

BinamuWaMajengo (Moshi)

Mwalimu, pole sana. Naomba kuuliza la fedha, kwa kuwa ndilo linalotukwamisha wengi. Bima ilikubali? Mimi niliambiwa dirishani kwamba mambo ya urembo hayalipiwi. Nilivunjika mfupa wa shavu kwa ajali ya bodaboda mwaka juzi, sasa upande mmoja umebonyea.

MwalimuKibosho

Binamu, ninajibu kwa yale yaliyotupata sisi, nawe ulinganishe na masharti ya kadi yako. Barua yetu ya kwanza iliandikwa na daktari kijana aliyesema mtoto ana uso usiolingana na anahitaji kurekebishwa. Ilirudishwa. Barua ya pili, iliyoandikwa na bingwa, haikutaja sura hata mara moja: ilisema mdomo unafunguka milimita 4, mtoto hatafuni, anakatiza pumzi usingizini, na kiungo cha taya cha kulia kimeshikamana kama picha zinavyoonyesha. Ilipita. Nafikiri hakuna aliyedanganya katika barua hizo mbili, ila ya kwanza ilitaja kivuli na ya pili ikataja mti. Katika hali yako, mwambie daktari akupime kama unaona vitu viwili viwili ukitazama juu, kama shavu limekufa ganzi, kama mdomo unakwama unapofunguka, kwa kuwa mfupa wa shavu uliobonyea unaweza kuyafanya yote hayo.

TabibuMeno (Tengeru)

Ni kweli, na ninaongeza kwa uchungu: mfupa huo ungerudishwa kwa urahisi katika wiki mbili za kwanza. Uvimbe wa siku za mwanzo huficha bonde, mgonjwa hushonwa ngozi na kuruhusiwa, na uvimbe unapoisha mfupa umekwisha kushika pasipo mahali pake, hata ikabidi uvunjwe upya au ujazwe.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo wagonjwa wanaotaka kupangwa taya hawaambiwi mapema. Upasuaji wa taya kwa mtu mzima kwa kawaida hutanguliwa na nyaya za meno za mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, ili meno yapangwe kwa ajili ya mahali taya litakapowekwa na si mahali lilipo. Katika kipindi hicho uso huweza hata kuonekana umezidi kupinda. Sasa, sisi tuliokunywa maji ya Arusha, hasa wa pande za Maji ya Chai, tuna meno yaliyobadilika rangi kwa madini ya floraidi, na gamba la meno hayo halishiki gundi vizuri. Vipande vya nyaya hubanduka mara kwa mara. Panga muda na nauli zaidi ya ulivyoambiwa na rafiki yako aliyekulia Tanga.

ShangaziWaDar

Mwalimu ameniandika humu nami nimejiona. Sikuwa na nia mbaya. Naomba wataalamu wanijibu: kwa nini wasikate kidevu tu, kikarudishwa katikati, mtoto akaenda shule bila kutaniwa? Nimeona watu wamefanyiwa na wamependeza.

TabibuMeno (Tengeru)

Shangazi, swali lako ni halali kabisa. Kidevu kinaweza kukatwa peke yake na kusogezwa, mkato ukipita ndani ya mdomo, jambo ambalo kwa ngozi zetu zinazoota makovu makubwa ni heri. Kwa mtu ambaye meno yake yamekaa sambamba na tofauti ipo kidevuni tu, hiyo ndiyo kazi inayofaa. Kwa mtoto ambaye taya zima la kulia ni fupi, meno ya juu nayo yamepanda kulifuata, na angali anakua, utakachokisogeza leo kitaondoka kesho.

MwalimuKibosho

Wifi, sikukuandika kwa ubaya, na ndiwe uliyelipa nauli zetu. Mpango tulioelezwa ni huu: sasa mdomo ubaki wazi, baadaye, wakishaona ukuaji unavyokwenda, huenda taya la kulia likakatwa na kufungiwa chombo chenye skrubu, kisha baada ya siku chache za kusubiri likavutwa takribani milimita 1 kwa siku, mfupa mpya ukajijenga katika mwanya huo, na akimaliza kukua kabisa ndipo waangalie kama bado kuna haja ya kupanga mataya yote mawili, ambako moja ya hatari zake ni mdomo wa chini kubaki na ganzi kwa muda, na kwa wengine daima. Nyusi yake ya kulia ilikaa miezi minne bila kupanda baada ya upasuaji wa kwanza, tukadhani ndiyo basi, ikarudi. Nalitaja hilo kwa sababu neva ya uso hupita jirani sana na mahali walipochana.

Lakini kazi kubwa haikufanywa na daktari. Tulipewa vijiti bapa vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi, unavipanga kimoja juu ya kingine kati ya meno na kuongeza kimoja baada ya kimoja, mara kadhaa kwa siku, kuanzia wiki ile ile ya upasuaji. Mtoto alilia, nami nilitoka nje nikamwachia baba yake, kisha baba yake naye akatoka nje. Mwezi wa pili tulikwenda kwenye msiba Rombo, tukakaa siku tisa, na katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka vijiti. Tuliporudi, milimita 36 zilikuwa zimeshuka hadi 22. Bingwa hakutugombeza, alichora tu mstari kwenye daftari na kusema kiungo kilichoachwa bila kazi hushikamana upya, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza.

MtotoWaNjiro (Arusha)

Mwalimu, Tabibu, nimerudi. Kijiti kimekaa sambamba. Picha ya darasa la saba na ya juzi, iliyopigwa na mwenzangu kwa mbali, zinafanana, kidevu kiko pale pale. Dada yangu anasema baba naye yuko hivyo. Nitakwenda kuonwa hata hivyo, ila safari ya Nairobi nimeiahirisha.

MwalimuKibosho

Vizuri. Ukionwa, hakikisha anayekuona amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na uende na zile picha za zamani.

Kwa waliouliza faraghani: ni mwezi wa kumi na nne sasa, na asubuhi hii vimeingia vijiti kumi na saba, ambavyo kwa rula yetu ni milimita 30. Jana jioni alichukua ndizi mbivu mezani, akaimenya, akaing'ata bila kuimega. Alama ya meno iliyobaki kwenye ile ndizi ilikuwa mshazari, imeshuka kushoto na kupanda kulia.